Sura ya Tano: Waganga wa Ardhi Wasio na Shamba

Zamani, ng'ombe walipokufa mfululizo na mvua ikagoma kunyesha, Wagogo walijua kwamba nchi imeingiwa na uchafu. Wapiga ramli waliendewa, na mtemi, mlinzi wa mawe ya mvua, akaulizwa kulikoni. Mambo yakizidi, kazi ilikabidhiwa wanawake. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliieleza ibada hiyo katika makala iliyochapishwa mwaka 1968. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakawatoa ng'ombe zizini na kwenda kuwachunga wenyewe. Wanaume walikaa kando. Kisha wanawake walicheza na kuimba wakiuswaga ule uchafu upande wa magharibi, jua linakozama, hadi mpakani, wakautupa huko. Ibada ilipokwisha, mavazi yalirudi kwa wenyewe, na mikuki vilevile. Kesho yake mwanamke aliamka akashika kibuyu chake cha maji, na ng'ombe aliowaponya wakaendelea kuhesabiwa, kurithiwa na kutolewa mahari na watu wengine.

Sura hii inazungumzia wahusika wa pembezoni katika hadithi za Kiswahili na za Afrika Mashariki. Inaanza na ibada badala ya riwaya kwa sababu ibada hii ina umbo ambalo waandishi wetu wamelirudia mara nyingi, pengine bila kukusudia. Ardhi ikiugua, mwanamke anaitwa aiponye. Ikipona, anaambiwa asante, arudi jikoni. Fasihi yetu imempa mwanamke kazi ya kuiokoa ardhi, lakini mara chache sana imempa ardhi yenyewe. Ukishaliona umbo hilo, riwaya ulizozisoma shuleni huzisomi tena kama zamani.

Nadharia kutoka mbali, maswali ya karibu

Wanaosoma fasihi kwa jicho hili huiita njia yao ekofeminizimu. Neno lenyewe lilianzia Ufaransa mwaka 1974, katika kitabu cha Françoise d'Eaubonne. Hoja ya msingi ni nyepesi kueleza: fikra zinazomhalalisha mwanamume kumtawala mwanamke ni zilezile zinazomhalalisha binadamu kuitawala ardhi, mito na wanyama, na mara nyingi waathirika wanateseka pamoja. Mwanafalsafa wa Australia, Val Plumwood, aliongeza jambo linalomfaa sana msomaji wa hadithi. Alisema anayetawaliwa hugeuzwa mandhari. Kazi yake inategemewa kila siku, lakini haionekani, kwa kuwa imewekwa nyuma ya picha.

Hebu fikiria hadithi ngapi za Kiswahili zinazofunguka asubuhi. Jogoo anawika, jua linachomoza, mwanamke anapita na ndoo kichwani. Baada ya hapo mhusika mkuu anaamka na kisa kinaanza. Yule mwanamke hana jina. Amewekwa pale ili tujue kumekucha, kama jogoo tu.

Kuna tawi la nadharia hii ambalo limependwa kuliko mengine, na ndilo la kuchukuliwa kwa tahadhari. Mwaka 1988 Vandana Shiva wa India alichapisha kitabu kilichowatazama wanawake wa vijijini, wakiwamo wale wa harakati za Chipko waliokumbatia miti isikatwe, kama watu walio karibu na uhai kwa namna ya pekee. Picha hiyo ilisafiri haraka. Ilipofika kwetu ilikuta mashairi mengi yanayoiita ardhi mama, ikaketi kitako. Mwaka 1992 Mhindi mwenzake, mwanauchumi Bina Agarwal, alipinga. Alisema mwanamke wa kijijini anaujua msitu kwa sababu ndiye anayetumwa kuni, na kisima kikikauka anajua wa kwanza kwa sababu ni miguu yake inayotembea. Ukaribu huo umetokana na mgawanyo wa kazi na mali. Haukutokana na tumbo la uzazi. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, alikuwa ameanza na malalamiko ya aina hiyohiyo: wanawake wa vijijini walimweleza kwamba kuni ziko mbali, maji ni haba na chakula hakitoshi. Miti ilipandwa kama jibu la malalamiko hayo.

Kwa msomaji wa uwanda wa kati wa Tanzania, Agarwal ndiye anayeingia akilini. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Nje ya miezi hiyo makorongo hubaki mchanga mtupu, na maji yako chini yake. Mwanamke anachimba kwa jembe, kisha kwa mikono, hadi shimo linamfika kiunoni. Anashuka ndani na kata yake. Maji ya kwanza ni tope, anayamwaga. Anasubiri yachuje, anateka kata moja, anasubiri tena. Ndoo ikijaa anaweka majani juu ili maji yasimwagike njiani, na kabla ya kuondoka anaziba shimo kwa matawi ya miiba mbuzi wasije wakalivuruga. Anajua ni kona ipi ya korongo inayoshika maji hadi Novemba na ipi inakauka Agosti.

Na mlenda je? Majani yanachumwa porini na mashambani wakati wa masika, yanaanikwa, yanatwangwa na kuhifadhiwa, ili kiangazi kikifika ugali wa uwele usikose mboga. Kuyajua majani, na kujua lipi linachumwa lini, ni elimu kamili. Lakini mwandishi anayetaka kuonyesha umaskini wa Dodoma humwandikia mhusika wake kwamba alikula ugali kwa mlenda, akapita. Elimu ya mwanamke inageuka alama ya dhiki ya mtu mwingine.

Hadithi ambazo nchi imejisimulia

Kabla ya riwaya, uwanda huu una visa vyake vikubwa vya kweli, navyo vina wahusika wa mbele na wa nyuma.

Kipo kisa cha Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, halafu mvua ikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba walikufa watu 30,000 kati ya kama 150,000 waliokuwa Ugogo. Njaa ya aina hiyo haipimwi kwa vifo pekee. Inapimwa pia kwa nani alitolewa ili wengine wale. Zipo familia zilizowaweka watoto na wanawake kwa wenye chakula. Hapo mtu amekuwa akiba, sawa na ghala.

Kipo kisa cha Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga ambao, kwenye karatasi, ungefyeka zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua haikufuata ratiba ya London. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama vichekesho vya wanaume na mashine. Anayekosekana ni mtu ambaye alikuwa akipanda karanga na njugu mawe kwenye vipande vyake vidogo kabla ya trekta la kwanza kufika, akijua mwaka gani zitazaa na mwaka gani ni bora kuongeza uwele.

Na kipo kisa cha Kondoa, ambacho ni kigumu zaidi kwa sababu kina mafanikio ndani yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi kwenye vilima vilivyokuwa vimechunwa na maji. Ardhi ilipona kweli. Lakini maziwa yaliondoka na ng'ombe, samadi vilevile. Ng'ombe wa kufugwa bandani waliporuhusiwa, mwishoni mwa miaka ya 1980, nyasi ilibidi zikatwe na kubebwa hadi nyumbani. Ng'ombe aliyekuwa akitembea kutafuta majani sasa analetewa, na kichwa kinachomletea mara nyingi ni cha mwanamke. Ripoti itahesabu miti. Mzigo wa majani huwa haupewi safu yake kwenye jedwali, na hapo ndipo riwaya ingekuwa na kazi ya kufanya.

Rehema na shamba la Ramwe

Sasa tufungue kitabu. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ilitoka mwaka 1976, na ni hadithi ya Visiwani, mbali na mibuyu ya Dodoma. Ninaichagua kwa sababu hakuna riwaya ya Kiswahili inayolionyesha umbo la ile ibada kwa uwazi kama hii.

Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mali na mashamba. Amezaliwa na rangi nyeusi kuliko ile baba yake aliyoitarajia, na mama yake amekufa. Katika nyumba ile, rangi ni kipimo cha urithi. Rehema anateswa, anatoroka, anapita mikononi mwa watu wema na wabaya, na mjini anaishia kuuza mwili. Kisha anakutana na Sulubu, mkulima asiye na kitu zaidi ya nguvu zake, na wawili hao wanakwenda kuishi Ramwe, kwenye ardhi ambayo imetoka kwa baba yake. Wanafyeka, wanalima, wanapanda. Kurasa za kazi hiyo zimeandikwa kwa mapenzi. Mwanamke aliyetupwa na ardhi iliyotupwa wanapona pamoja.

Msomaji wa haraka angeishia hapo na kuandika insha kuhusu mwanamke na ardhi kama dada wawili. Lakini mwandishi haishii hapo. Fuad akishafariki, Karim, mume wa Salma aliye ndugu wa baba mmoja na Rehema, anajitokeza kulidai shamba. Angalia wakati wa dai hilo. Pori likiwa pori, halina mdai. Likishazaa, warithi wanakumbuka nasaba zao. Kazi ya Rehema ndiyo iliyoipa ardhi thamani, na thamani hiyo ndiyo inayomwondoa.

Kuna jambo la pili, ambalo uchambuzi wa kitabaka pekee hauwezi kulifikia. Jina la Rehema liko juu kwenye jalada, lakini mwisho wa kisa unatatuliwa na wengine. Karim anadai, Sulubu anamuua, dola inamhukumu Sulubu kifo. Mdai ni mwanamume, mlipiza kisasi ni mwanamume, na wasomaji tumezoea kumlilia Sulubu kama shujaa wa wakulima. Rehema, ambaye shamba lile lilikuja kupitia damu yake, anabaki mjane wa kesi ya watu wengine. Mwandishi aliiona dhuluma ya tabaka kwa macho makali. Dhuluma ya kumsogeza Rehema pembeni mwa hadithi yake mwenyewe ametuachia sisi tuione.

Njia ya kutoka kijijini

Ugogo una waandishi wake. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa eneo la Ihumwa, aliandika historia na mila za Wagogo mwaka 1954 kabla ya kupata sifa kwa ngonjera. Na alikuwapo Ndyanao Balisidya, mwana wa Dodoma aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye riwaya yake, Shida, ilitoka mwaka 1975. Jina la riwaya linatosha kueleza mwaka wake. Nchi ilikuwa inatoka kwenye ukame na upungufu mkubwa wa chakula, na watu wa vijijini, kuanzia Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya. Balisidya aliwafuata vijana wanaotoka kijijini kwenda mjini wakidhani shida imebaki nyuma yao.

Safari hiyo imeandikwa na wengi wa kizazi chake, na karibu wote wanaifanya iwe na njia mbili. Kijana wa kiume anafika mjini na mikono yake, na hadithi inauliza kama atapata kazi. Msichana anafika na mwili wake, na hadithi inauliza kama ataharibika. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, amebeba swali hilohilo kutoka Ukerewe. Wasomaji wengi wamelijadili kama suala la maadili: nani alimlea, nani alimpotosha. Mtu wa uwanda wa kati ana swali la kutangulia. Msichana huyu alikuwa anaacha nini? Kaka yake akirudi, kuna ng'ombe na kiwanja vinavyomsubiri. Yeye akirudi, kuna jembe la mama yake. Methali inampa mgeni siku mbili za kupumzika kabla ya kupewa jembe, lakini binti wa nyumbani hana hata hizo. Mtu asiye na fungu katika ardhi ni rahisi kung'oka, na kinachoitwa tamaa ya mjini huenda ni hesabu sahihi.

Linganisha na msichana mwingine wa pembezoni, Ayaana, katika The Dragonfly Sea ya Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka mwaka 2019. Ayaana anakulia kisiwa cha Pate na mama yake, Munira, mwanamke anayesemwa na kutengwa na wenzake. Mtoto huyu anajifunza bahari kutoka kwenye mikoko, na baharia mzee, Muhidin, anakuwa baba yake kwa hiari. Ayaana hakuitwa aiponye bahari. Anaisoma, inamkuza. Hilo linawezekana kwa sababu bahari haina hati. Hakuna Karim anayeweza kuja kesho na kusema mawimbi haya ni ya ukoo wa mke wangu.

Uwanda wa kati nao ulikuwa na mali za pamoja za aina hiyo: mbuga za malisho, makorongo, vichaka vya kuni, mibuyu ambayo kila mtoto alikwea. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, vingi vya vitu hivyo pembezoni mwa jiji vimepimwa viwanja. Upimaji una faida zake, na mwenye kiwanja hupata hati. Lakini anayeishi kwa vitu visivyo na mwenyewe, kwa kuni, kwa mlenda, kwa majani ya mbuzi, hana cha kupimiwa. Riwaya ya mtu huyo bado ninaisubiri.

Wanawake si mmoja, na bibi si mchawi

Pana mtego wa kuwaweka wanawake wote kapu moja. Penina Muhando aliuona mapema. Katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyoanguka, nao hawawezi kwa sababu kila mmoja anavutwa na lake. Yumo mjane anayeporwa mali na ndugu wa marehemu mumewe. Muhando hakuwaficha wanawake wanaoumizana. Salma wa Nyota ya Rehema naye ni mwanamke, na shamba likinyang'anywa atanufaika yeye.

Aliye pembezoni kuliko wote ni bibi kizee. Katika hadithi zetu ana sura mbili: mganga mwenye hekima au mchawi. Macho yake ni mekundu katika sura zote mbili. Shinyanga, Mwanza, Tabora na kwingineko, macho mekundu yamekuwa ushahidi wa kuwaua wanawake wazee. Wekundu huo una chanzo kinachojulikana, yaani miaka ya kuinamia moshi wa kuni na, pale kuni zilipokwisha, moshi wa samadi kavu na mabua. Macho ya bibi ni ripoti ya miti iliyokwisha. Mwandishi anayemchora mchawi mwenye macho mekundu bila kutuonyesha jiko lake ameurudia ushahidi wa wauaji bila kuuhoji. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma lipo shamba ambalo mjane huyo amekaa juu yake muda mrefu kuliko warithi walivyopenda.

Sheria imetangulia, hadithi ifuate

Kwa mara moja, sheria iko mbele ya fasihi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi, na kusema anayo haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi kihalali. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalombana mjane katika urithi, halikufutwa, na mjane wa kijijini bado anasimama katikati ya maandishi hayo mawili.

Darasani, mambo ni ya zamani zaidi. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania ataulizwa ajadili nafasi ya mwanamke katika riwaya mbili alizosoma, naye anajua majibu kwa moyo: mlezi, mvumilivu, chombo cha starehe, mwenye mapenzi ya dhati, msaliti. Orodha hiyo inamwelezea mwanamke kwa tabia yake na kwa anavyotumiwa. Haimuulizi ana nini. Mwalimu wa Bahi, Mpwapwa au Manyoni anaweza kuibadilisha bila ruhusa ya mtu. Awaambie wanafunzi wachore mistari minne kwenye daftari kwa kila mhusika, hata yule asiye na jina anayepita na ndoo: anafanya kazi gani kwenye ardhi, anajua nini kuihusu, anakula nini kutoka humo, na ikiuzwa leo nani atatia sahihi. Mistari mitatu ya kwanza itajaa upesi. Kwa wahusika wengi wa kike wa riwaya zetu, wa nne utabaki mtupu, na hapo ndipo mjadala wa darasa unapaswa kuanza.